Nahodha Anayetafuta Nyumba Mtaani Kwetu

Jumatatu, 3 Juni
Magoti ya mama watoto yamegoma. Ngazi kumi na nne kila siku, miaka thelathini! Binti yetu ametupatia nyumba isiyo na ghorofa, jirani na kwake. Mwenye nyumba hiyo atatungojea hadi mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo hii yetu lazima iuzike. Dalali alikuja, akagonga kuta, akataja bei. Nusura nimtoe nje! Akasema soko la mtaa huu limepoa, na kwamba likianza kupanda utalijua kwa wingi wa wanaoulizia. Wanaoulizia! Asante, bwana. Umenipa dawa mwenyewe.

Jumatano, 5 Juni
Nimempigia dalali kwa simu ya fundi cherehani, kwa sauti nyembamba, nikiulizia nyumba mtaa huu. Kisha kwa simu ya muuza magazeti, nikijifanya nina mafua. Kisha kwa simu ya kinyozi: nahodha wa meli aliyechoshwa na bahari. Kinyozi akataka kujua kwa nini nimeziba mdomo kwa kitambaa. Hayamhusu.

Ijumaa, 7 Juni
Muuguzi mmoja kaja kuitazama nyumba. Akafungua mabomba yote, akalisifu jiko, akakubali bei ya dalali bila kupunguza hata kidogo. Mama watoto akakimbilia chai, na magoti yake yale. Mimi nikaomba dakika moja, nikajifungia stoo, nikampigia dalali nijue soko linaendaje. Akasema hajawahi kuona wiki kama hii: watu watatu wameulizia mtaa wetu, mmoja nahodha! Kumbe mambo yameiva! Nikarudi sebuleni, nikapandisha bei. Muuguzi akaweka kikombe chini, akamshukuru mama watoto, akaenda zake.

Jumapili, 9 Juni
Muuguzi kanunua nyumba ya jirani, mwalimu mstaafu, hasimu wangu tangu tugombanie ua. Kwa bei ya dalali! Nilicheka sana. Kauza kwa bei ya kutupa, msomi mzima! Mama watoto hakucheka. Alipanda ngazi, akapumzika ya tano, akapumzika ya tisa. Akasema bila kugeuka kwamba mtaka yote hukosa yote. Niliona aibu, nikajifanya natafuta miwani.

Jumanne, 18 Juni
Dalali kaleta fundi umeme, anayetoa pungufu kuliko muuguzi. Nikasema tumngoje nahodha. Mama watoto akaniuliza, mbele ya watu, nahodha yupi: yule wa simu ya kinyozi? Kinyozi yule hana kifua! Dalali alicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Nikatia sahihi.

Jumapili, 30 Juni
Tumehamia. Asubuhi mama watoto alitembea mwenyewe hadi kwa binti yetu, bila kushika ukuta. Machozi yalinitoka, nakiri.

Mchana nilimpigia dalali kumsalimu. Anasema mtaa wetu wa zamani umekufa kabisa, hauulizii mtu tena. Si mnaona? Niliuza soko likiwa kileleni! Mkwe wangu naye anafikiria kuuza nyumba. Nimemwambia asibabaishwe na madalali, aniachie mimi. Kinyozi wa huku nimeshafahamiana naye.