Ukucha wa Mukasine na Kidole Changu

Alhamisi, 7 Agosti. Mweso.
Vakanse inakwisha, na mimi bado ninachota maji katika saluni ya Mama Kyakimwa. Nataka jambo moja tu: anipe kazi ya kubandika kucha kabla shule haijafunguliwa. Benita, anayesuka, alisema mbele ya wateja kwamba mimi niko fundi wa mayi. Wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Kesho Mama anakwenda kupokea bidhaa zake kutoka Butembo. Ukucha wa kwanza utakaoingia mlangoni ni wangu!

Ijumaa, 8 Agosti.
Umeingia! Dada Mukasine, mteja wetu, mkono ameuficha ndani ya kitenge. Ukucha aliobandikwa jana na Mama umevunjika kwenye chungu cha maharagwe. Na leo mama wa Sebarenzi, mchumba wake, anakuja kumtazama! Alilia. Alisema mikono yake imechimba viazi tangu utotoni. Leo tu alitaka ifanane na mikono ya muntu aliyepumzika.

Benita alisema tumungoje Mama. Nikamwambia haina haja. Katika boksi zilibaki kucha za gumba tu. Nikachukua mmoja, nikausugua kwa tupa hadi ukaenea kidole cha pete. Mzuri, kweli! Nikatia kole, ile gundi ya kucha, nikabana. Masista wa shuleni walitufundisha kumkabidhi Mungu kila kazi. Nikafumba macho, nikasali. Amina.

Kidole changu kikakataa kutoka.

Dawa ya kuondoa kole imekwisha. Niliimaliza mimi, Jumatano, nikijizoeza.

Tukaenda kwao hivyo hivyo, mkono kwa mkono. Watu wakasema: ona dada na mudogo wake wanavyopendana! Mgeni alipofika mlangoni, Mukasine aliubana mkono wangu kwa nguvu, kana kwamba kole haitoshi. Mama yule alitaka kumsalimia, akapokea mikono ya wawili. Akaugeuza wa Mukasine. Akapitisha gumba juu ya sugu zake, polepole. Akasema: huyu njo anajua udongo, huyu hasa. Akatabasamu. Mukasine akalia tena, lakini si kilio cha asubuhi.

Ukucha hakuna aliyeutazama. Mimi tu. Umepinda kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti.
Jana jioni Mama Kyakimwa alitutenganisha kwa maji ya moto, sabuni na mawese. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema nisiguse kucha tena hadi akili yangu itulie. Nimerudi kwenye ndoo. Benita ananiita bibi arusi wa pili.

Mkono wangu bado unakumbuka ule mwingine. Ule unaonekana laini, ukiushika ni mgumu. Mukasine alikuwa akificha kile kilichompendeza yule mama. Nimelifikiria sana nikichota maji.

Jumapili, 10 Agosti.
Katika misa nimeliona kosa langu, wazi kabisa: sala ilikuwa fupi mno. Ningeendelea, Mungu angemaliza kazi.

Baada ya misa Benita alinivuta pembeni. Anataka kope ndefu za kubandika kwa ubatizo wa mtoto wa kaka yake, na Mama asijue. Aliniita dada! Mama alikataza kucha, kope hakuzitaja. Tena kope ni za macho mawili tu, kucha ni za vidole kumi. Kole imebaki nusu. Kesho tutafumba macho wote wawili, na nitasali rozari nzima.