Meya Peguero Azindua Sola ya Kila Paa

Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kimefika. Baba Paroko Teódulo, mlezi wa roho zetu na mwenye viti hivi vya plastiki. Mwenyekiti wa Chama cha Wafuga Majogoo wa Kupigana. Mke wangu mpendwa Doña Mirtha, Mratibu Mkuu wa Mradi. Shemeji yangu, Mhandisi Mshauri wa Mradi. Wazee wa meza ya domino, ambao nawasihi waache kugonga vipande kwa dakika chache tu. Wananchi wenzangu wa Sabana Honda, hamjambo! (Wachache: "Hatujambo!" Sauti kutoka nyuma: "Tuna giza!")

Asanteni kwa mapokezi hayo. Mimi Evaristo Peguero, Meya wenu kwa muhula wa tatu, mtu ambaye unyenyekevu wake umevuma hadi mji mkuu, Santo Domingo, nimesimama hapa kuzindua rasmi Mradi Mkakati Jumuishi wa Kumwezesha Mwananchi Kuchagua Mfumo wa Sola Majumbani. (Makofi kutoka kwa shemeji.) Upembuzi yakinifu umebaini kuwa asilimia mia moja na nne ya kaya zetu hukatikiwa umeme, na hizo nne za ziada ni wageni waliokuja kutusalimia, giza likawakuta humu humu.

Sasa, mwananchi atachaguaje? Swali zuri, nami nimelikuta limeandikwa hapa. Kwanza, chagua paneli inayolingana na hadhi ya paa lako. Pili, betri iwe nzito, maana kitu chepesi hakiaminiki. Tatu, ile mashine ya kugeuza umeme, hakikisha ina vitaa vingi vya rangi, ili jirani akichungulia dirishani aone maendeleo kwa macho yake mwenyewe.

(Chago, kinyozi wa uwanjani, anainuka: "Na wewe Meya, kwako umechagua ipi?")

Swali mwafaka, Chago. Kwangu, baada ya mchakato mpana wa kushirikisha wadau, yaani mimi na Doña Mirtha, tuliridhia jenereta ya dizeli. (Kicheko kirefu. Hata Paroko anafunika mdomo.) Cheka tu, ndugu yangu, lakini kiongozi hawezi kukimbilia sola kabla ya wananchi wake, huo ungekuwa ubinafsi!

(Mama mmoja mwenye mvi, Doña Ercilia, anasimama safu ya pili: "Evaristo, mwanangu, maliza basi. Friji yangu imezimwa tangu asubuhi.")

Tulia mama, tunakuja huko. Wananchi, huyu ni Doña Ercilia, mama jirani aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Mama, hebu waeleze ulivyochagua mfumo wako, halmashauri inufaike.

("Kuna la kueleza? Wauzaji walitaka kunibebesha mtambo wa kuendesha kiwanda. Nikawaambia, mie nina friji, feni na taa ya jikoni, basi. Kwanza kabisa friji, kwa sababu sindano za Fello zikipata joto zinaharibika, na kisukari hakingojei umeme urudi." Don Fello, mumewe, ameketi kando yake, kofia magotini. Wazee wa domino wanaacha kugonga vipande.)

Mmesikia? Huo ndio ushuhuda wa mnufaika wa kwanza wa mradi!

("Mnufaika wa nani? Nimeuza mbuzi wangu wote mimi!" Makofi makubwa kuliko yote ya leo.)

Uchangiaji wa jamii, safi sana! Na sasa, bila kupoteza muda, naondoa kitambaa. (Anakivuta. Kinanasa, shemeji anasaidia. Inaonekana paneli moja juu ya meza.) Hiyo hapo!

(Chago: "Mbona moja?") Hii ni awamu ya kwanza. ("Mbona ina kinyesi cha njiwa?") Hiyo ni tathmini ya athari kwa mazingira. (Don Fello anajifuta jasho kwa kofia. Chago anamtazama, anatazama paneli, kisha anamnong'oneza jirani yake.)

Naona mmeguswa. Basi tuitikiane! Jua letu! ("Lako!") Paa letu! ("Linavuja!") Sabana Honda! ("Giza!") Inatosha, nguvu zenu zimenifikia.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru Paroko kwa viti na kwa meza. Nawashukuru wenzetu wa mji wa jirani, ambao picha za mapaa yao tumezitumia kwenye mabango yetu. Nawashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta Jumatatu. Na kwa namna ya pekee namshukuru Doña Ercilia, aliyekubali vijana wangu waishushe paneli yake asubuhi ya leo kwa ajili ya maonyesho, kwani bila hiyo mradi huu usingekuwa na kitu chochote kabisa.

(Viti vinasogea. Chago na wazee wa domino wanapanda jukwaani, wanaibeba paneli kwa pande zote nne, taratibu, kama watu wanaobeba mgonjwa.)

Jamani! Ndugu! Picha bado hazijapigwa! Mnaupeleka wapi mradi wa halmashauri?

("Nyumbani," anasema Doña Ercilia, amemshika mumewe mkono. "Pisha njia, mwanangu.")