Mfupa wa Baba Mkwe

Leo nimeumbuka, jamani. Nawaandikia kutoka mkahawa wa intaneti hapa kwetu Area D, mkono mmoja una plasta, kwa hiyo mnivumilie makosa ya kuchapa.

Mnajua mimi ni mtu wa maabara ya hospitali. Mwezi uliopita nilipelekwa semina Dar, nikaonyeshwa picha zilizoninyima usingizi kwa furaha. Wataalamu wanaotesha seli shina, zile zinazozaa damu yote ya mwili! Wakizilaza kwenye kisahani bapa, zinajisahau. Wakizipanda kwenye kiunzi chenye vitundu kama sponji, zinadhani ziko ndani ya mfupa, zinaendelea kuzaana. Tangu siku hiyo sijanyamaza. (Mke wangu anasema hata redio huzimwa.)

Sasa shemeji yangu Yuda amelazwa. Anapasuliwa kesho, na daktari amesema bila chupa mbili za damu kutoka kwa ndugu, hamgusi. Ndugu wapo, wana afya tele, ila wote wanasubiri neno la baba mkwe. Na baba mkwe alishakataa. Kwake yeye, damu ya mtu ina kipimo chake, ukiitoa haijazwi tena. Nikaona hii ndiyo kazi yangu. Nikaenda kwake Mkonze.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Umetukuta mezani, nawa."

Ugali, mlenda, supu ya mbuzi. Mfupa mkubwa wenye uboho ulikuwa mbele ya baba mkwe. Mfupa ule ni wa mwenye mji. Kila mtu anajua, hata paka. Lakini kichwa changu kilijaa semina. Nikaunyakua!

Shemeji mkubwa tonge likamganda mkononi. (Nikadhani wamevutiwa na elimu.)

Nikaugonga kwenye jiwe, ncha ikapasuka. "Baba, ona vitundu hivi! Humu ndimo damu inamotengenezwa, kila siku ya Mungu. Ukitoa chupa moja, kiwanda kinajaza. Wataalamu wanaiga vitundu hivi hivi maabara!" Nikagonga tena, kwa msisitizo. Uboho ukachomoka mzima mzima, ukatua mchangani. Mbwa hakungoja semina iishe.

Baba mkwe akamfuata mbwa kwa macho mpaka zizini. "Mkwe, hicho kilichoondoka na mbwa ndicho kiwanda?"

"Ni... sehemu yake, baba." (Ardhi, pasuka nizame.)

Hakucheka. Akaokota ile ncha, akaigeuzageuza juani. "Miaka yote hii nafyonza tu, sikuwahi kuangalia ndani," akasema taratibu. Pale nikakumbuka kwamba huyu si mwanafunzi wangu, ni baba ambaye mwanawe yuko kitandani. Niliona haya kweli. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwenyewe umetoa mara ngapi?"

Miaka kumi na moja nawachoma watu sindano. Damu yangu mimi, sijatoa hata tone.

"Bado, baba."

"Basi twende. Utaanza wewe."

Hospitalini wenzangu wakanipokea kwa shangwe, wakanilaza, wakanichoma. Nikageuka kuangalia damu yangu ikishuka kwenye mrija. Kitu nilichokuja kukiona kilikuwa dari.

Kwenye kitanda cha jirani, baba mkwe ameketi wima, plasta mkononi, anakunywa soda. Nyuma yake shemeji mkubwa anakunja shati, zamu yake imefika.

"Pole, mkwe," akaniambia kwa huruma ya dhati. "Usiogope, itajaa. Si kiwanda kipo?"

Muuguzi alilazimika kutoka nje kwenda kucheka.

Chupa yangu haikufika hata nusu, imetupwa. Za kwao mbili zimetimia, na Yuda ameambiwa kesho asubuhi yeye ndiye wa kwanza. Nimefurahi mpaka machozi, msimwambie mtu.

Mimi nimeagizwa Jumapili nirudi Mkonze na mfupa mwingine, na mdomo niuache Area D.