Chakula cha Walioishi Vyema

Raia wote wa Athene wanatangaziwa, kwa furaha iliyopitishwa na kikao, kwamba mji wetu ndio wa kwanza duniani kuwa na Kamati ya Uhakiki wa Maisha Mema. Mwenyekiti wake wa kwanza nilikuwa mimi, Eukrates, muuza manukato, niliyepatikana kwa kura ya maharagwe, yaani bahati nasibu, kama viongozi wetu wote bora.

Kazi ilikuwa nyeti. Atakayethibitishwa kwamba ameishi vyema angekula bure milele katika ukumbi wa mji. Lakini aliye hai anaweza kuharibikiwa kesho. Kila mwaka kwenye tamasha la michezo ya kuigiza tunaona wafalme wanaoamka na taji na kulala na msiba. Kwa hiyo tukaamua, kwa umakini mkubwa, kwamba cheti watapewa marehemu tu.

Marehemu hawakufika mezani. Samaki wa kuchoma wangeoza. Nikajitolea kula kwa niaba yao, tena bila posho.

Siku moja akaja Mzee Teisias, mfinyanzi mwenye meno matatu. Wanawe wawili alishawazika vitani, baridi ilikuwa inakaribia, na kwake hakukuwa na cha kuteleka.

"Mwanangu, mimi nimeishi vizuri," alisema. "Sijamdhulumu mtu, na bado nacheka. Naomba supu ya dengu tu."

"Umekufa?"

"Bado."

"Basi ombi halijakamilika, mzee wangu. Rudi ukishakufa."

"Na hayo mafuta kwenye ndevu zako?"

"Nakula kwa niaba ya marehemu."

"Wanashiba?"

"Hajalalamika hata mmoja."

Aliondoka akitikisa kichwa. Naamini alivutiwa na utaratibu.

Mwaka ukaisha. Kwetu kiongozi haachi madaraka kabla ya kusimama mbele ya raia na kujieleza, na yeyote anaruhusiwa kumuuliza. Teisias akanyoosha mkono. Mtungi wa maji unaopima muda wa kujibu ukafunguliwa, ukaanza kuchuruzika.

"Mwenyekiti, chakula kile kisheria ni cha nani?"

"Cha wafu."

"Na wewe ulikila?"

"Kila siku, kwa uaminifu."

"Haya, chagua mwanangu. Wewe ni mfu au mwizi?"

Mwizi wa mali ya mji hunyweshwa sumu. Nilitazama mtungi, maji yalikuwa yamebaki kidogo sana. Niliogopa, sifichi.

"Mfu," nikasema, kwa sauti ya uongozi.

"Poleni wafiwa!" akapaza sauti muuza soseji mmoja.

Raia wakapiga kura kwa kokoto, ikathibitika kwamba nimefariki. Mwanangu alinyoa kichwa hapohapo na kurithi duka hapohapo. Mimi nikahamishiwa nje ya lango, makaburini, kwa mujibu wa sheria ya maziko. Maharagwe yakapigwa upya, uenyekiti ukamwangukia Teisias.

Sikukata tamaa. Sasa nilikuwa na sifa zote, nikaomba cheti. Kilipita siku ileile kwa kauli moja: marehemu Eukrates aliishi vyema, ale bure milele.

Nikakimbia mpaka langoni. Mlinzi akanizuia kwa heshima zote, kwa kuwa wafu hawaruhusiwi kuingia mjini.

Kwa hiyo Mzee Teisias anakula kwa niaba yangu. Kila akimaliza, hutuma mtu huku makaburini kuniarifu kwamba nimeshiba.