Siku ya Kuzindua Mtambo wa Kuvu Uthiru

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye angekuwa hapa kama hangekuwa kwingine, Waheshimiwa wote kwa vyeo vyenu na kwa vyeo mnavyovitarajia, Wenyeviti, Manaibu wa Wenyeviti, Makasisi mliotuombea mvua isinyeshe, Bwana Kuria mwenye kiwanda cha kutia nguo rangi hapo juu mtoni, ambaye pia ndiye mdhamini wa hema hili, wazazi wangu wa Uthiru, mabibi na mabwana, itifaki naomba mwihesabu imezingatiwa! (Makofi kutoka meza kuu.)

Mimi, Daktari Bramwel Odero, Mkurugenzi Mtendaji wa Sekretarieti ya Mpito ya Kuvu, Kahawa na Rangi, nina furaha kubwa kuwatangazia kwamba ile ahadi niliyowapa, ya kuwa mto wenu, ambao Jumatatu huwa samawati na Alhamisi huwa zambarau, utarudi kuwa rangi ya maji, sasa imeingia rasmi katika phase ya implementation. (Vigelegele. Mama mmoja aguna.)

Teknolojia yenyewe ni rahisi, hata mimi nilielezwa mara nne tu. Machicha ya kahawa, yale yanayobaki ukishaichuja, yanapandwa kuvu. Kuvu hula machicha hayo, na katika kula hutoa vimeng'enya. Vimeng'enya navyo hukatakata rangi iliyo majini mpaka maji yang'ae. Jambo hili lilifanywa kwa mara ya kwanza na binti yetu Mercyline, kwa ndoo mbili, katika chumba chake cha kupanga papa hapa Uthiru, kabla sekretarieti yangu haijamjengea capacity kwa kuzichukua ndoo zote mbili. (Kicheko cha uchungu.)

Tangu hapo hatujalala. Tumefanya public participation kumi na moja, saba kati ya hizo mkiwa hampo. Tumekwenda benchmarking Brazil siku ishirini, ambako ujumbe wetu wa watu thelathini ulithibitisha, kwa asilimia mia moja, kwamba kahawa ipo. Tukarudi, tukawawekea mapipa sitini ya kukusanyia machicha, na ninyi kwa miezi minne mkatujazia majani ya chai! (Sauti: "Sisi hukunywa chai, boss! Kahawa iko Spring Valley, kwa matajiri!") Spring Valley hatukuweza kuweka mapipa, wakazi walisema yataharibu mandhari. Mtaa wa Kileleshwa nako mlinzi alikataa kufungua geti. Lakini tunasonga mbele!

(Mama Debra, anayelima sukuma wiki kando ya mto, ajitokeza na mtungi wa maji ya zambarau. "Mkubwa, nusu ya sukuma yangu imekauka, na ile imebaki customer anasema ni sumu. Hiyo shamba ndio inasomesha Debra. Wacha nimwage hii maji kwa hiyo tangi yenu, tuone ikitoka clean.")

Mama, asante kwa engagement. Kwanza, maji hayo hayajafanyiwa vetting. Pili, tangi lina utepe, na utepe haujakatwa. Tatu, maji yanayotaka kuingia katika mtambo wa serikali sharti yaombe kupitia portal, na portal iko down. (Umati: "Mwaga! Mwaga!") Tulieni! Tuige mfano wa Bwana Kuria, ambaye kwa miaka sita mto umekuwa ukiondoka na rangi yake bure, na hata siku moja hajawahi kupiga kelele! (Bwana Kuria apunga mkono.)

(Mama Debra: "Basi niambie kesho asubuhi ninyunyizie mboga nini.")

Swali zuri sana. Liingizwe kwenye minutes.

Kuvu oyee! (Mtu akohoa.) Mto safi! ("Wapi?") Maendeleo! ("Lini?")

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wahandisi wa mtambo huu, ambao bado hatujawaajiri. Wanasayansi wetu, ambao bado hatujawapigia simu. Na Mercyline, aliyezuiwa getini kwa kukosa kadi ya mwaliko. Namshukuru kwa namna ya pekee ndugu Jamleck wa duka la hardware kwa kutuazima tangi hili mpaka saa nane, na pickup yake naiona imeshafika. Kwa hiyo wapiga picha, fanyeni haraka. Na wewe Mama Debra, kwa heshima zote, weka huo mtungi chini: tangi ni la kuuzwa, na mwenyewe amekataza kabisa lisitiwe maji.