Sentimita Nne Karibu na Wananchi

Ofisi ya Uratibu wa Ukaribu na Wananchi, Bariadi, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatatu, mratibu wake mkuu angekuwa karibu na wananchi kwa sentimita nne zaidi.

Mratibu huyo ni Bwana Severine Masele, mtu ambaye akipewa agizo hulitekeleza neno kwa neno. Agizo la safari hii lilitoka juu: viongozi washuke kwa wananchi. Wakuu wa ofisi nyingine walilipigia makofi wakaenda kula. Severine hakula. Alisimama dirishani akalitazama gari lake la umeme, jeupe, jipya, la majaribio, la kwanza kuletwa ofisini pale, na akaliona tatizo waziwazi. Gari lilikuwa juu.

"Mwananchi aliyekaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake," aliwaambia wajumbe wa kikao, "nikipita ananitazama akiwa amenyanyua shingo. Hilo ni pengo la kimwinuko. Serikali haiwezi kuongozwa kutoka juu namna hiyo."

Wajumbe wakakubaliana kwamba haiwezi. Springi fupi zikaagizwa kutoka Dar, zikaja kwa basi zikiwa ndani ya mfuko wa mchele.

Kazi alipewa Generoza, mwenye gereji nyuma ya soko. Alizigeuzageuza zile springi mkononi, akatabasamu. Kwa miaka mingi alikuwa akiombwa kunyanyua magari ya Bariadi ili yasikwame, na hakuna aliyewahi kumwomba kushusha hata moja.

"Litakaa kihuni, bosi," alisema. "Litapendeza."

"Litakaa kiutumishi," alisema Severine.

Generoza akapiga jeki. Severine alipoona gari linapanda badala ya kushuka, akasimamisha shughuli.

"Mbona mnalipandisha?"

"Nitoe matairi, bosi. Kwanza lipande, ndiyo lishuke."

Severine akatafakari, kisha akamwagiza dereva wake, Marcelo, akumbuke kwamba hatua hiyo itaitwa awamu ya mpito.

Generoza alitoa tairi, akachomoa shokapu pamoja na springi yake ya zamani, akaibana kwa vyuma viwili vya skrubu ili aitoe. Severine akainama kukagua.

"Toa uso, bosi. Hii ikifyatuka inaondoka na meno yako."

Akatoa uso. Springi za zamani, ndefu, zikawekwa pembeni, mpya zikaingia, na jeki iliposhushwa gari lilikaa chini kabisa, likitazama lami kama lililoangusha sarafu. Severine akakata utepe. Alipotaka kuingia akagonga kichwa, na alipotaka kutoka ikabidi Marcelo amvute mikono yote miwili. Tukio hilo alilisifu. Kiongozi ameanza kuwategemea walio chini yake.

Asubuhi ya Jumatatu waligonga tuta la kwanza hatua chache tu kutoka getini kwao. Sauti ilikuwa ya sufuria linaloburutwa.

"Betri liko tumboni kwa gari hili, bosi," alisema Marcelo. "Kuna njia tutagusa."

"Kugusa ndiyo lengo, Marcelo. Twende Kimali."

Kimali iko Meatu, na njia ya kuingia huko ilikuwa imepitiwa na malori ya pamba wakati wa mvua. Matairi ya malori hayo yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu, na katikati kukabaki mgongo wa udongo uliokauka ukawa kama saruji. Gari halikuwa na mngurumo, kwa hiyo mbuzi hawakulisikia wala hawakulipisha. Marcelo akakwepa mbuzi, tairi zikaingia mferejini, na gari likapanda juu ya ule mgongo kwa tumbo lake likatulia. Matairi yalizunguka hewani kimya kimya.

"Tumefika?" aliuliza Severine.

"Tumekaa, bosi."

Watu wakaanza kuja. Wa mbele alikuwa Esteria, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, amebeba kiti cha plastiki. Akakiweka kando ya dirisha la gari, akakaa. Macho yake na ya Severine yakawa sawa kabisa, na kwa muda mfupi Severine aliona sera yake ikifanya kazi, akafurahi kwa dhati.

"Mwadila, mheshimiwa," alisema Esteria, akimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," alijibu Severine, akimwita mama kwa lugha ileile. "Tumeshuka kwenu."

"Tumeona. Hakuna aliyewahi kushuka hivi."

Severine akaomba gari livutwe. Esteria akamwita Mhoja, mzee mwenye maksai wa kulimia, jozi mbili zenye nguvu kuliko zote pale.

"Ng'ombe wangu wangelivuta," alisema Mhoja. "Ila wamekwenda kunywa maji."

"Wapi?"

"Mbali. Mtoni. Wanarudi jioni wakiwa wamechoka, hawavuti kitu."

"Na kwa nini wasinywe hapa?"

Watu wote wakatazama upande mmoja. Severine naye akatazama. Palikuwa na pampu ya mkono, mpini umeelekezwa juu, na kuku amelala chini yake.

"Imekufa," alisema Esteria. "Tulikuja ofisini kwako. Tukaambiwa suala linashughulikiwa."

"Na kweli linashughulikiwa," alisema Severine. Alikuwa na hakika, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeagiza wajibiwe hivyo. Kipuri kilikuwa kimefika zamani. Kilikuwa stoo, kikisubiri hafla ya makabidhiano, na hafla ilikuwa inasubiri mgeni rasmi apatikane.

Jua likapanda. Ndani ya gari hamkukalika kwa joto, na nje hapakuwa na kivuli. Severine aliomba maji ya kunywa. Esteria alimletea kikombe cha maji ya mtoni, yenye rangi ya chai ya maziwa, akampa kwa mikono miwili kwa heshima zote.

Severine akakitazama kile kikombe. Kisha akapiga simu ofisini.

"Kile kipuri cha Kimali. Mpe bodaboda akilete, na fundi ampakie hapohapo."

"Na hafla, mkuu?"

"Mimi ndiye mgeni rasmi. Nipo hapa. Siwezi kuondoka."

Kipuri kikaja. Fundi akakifunga, watoto wakaning'inia kwenye mpini, maji yakatoka. Severine alikunywa mpaka shati likalowa. Kesho yake asubuhi, baada ya kulala kwenye siti na ng'ombe kunywa palepale kijijini, maksai wa Mhoja walilivuta gari wakaliweka njiani.

Alirudi Bariadi moja kwa moja hadi gereji. "Rudisha zile ndefu," alimwambia Generoza.

"Zimeshafungwa kwenye gari la wauza samaki wa Lamadi, bosi. Na wewe si umesifiwa redioni?"

Ilikuwa kweli. Habari za Kimali zilikuwa zimefika juu kabla yake. Juu walifurahi mno, wakatoa agizo jipya: kiongozi yeyote atakayepandisha gari lake atahesabiwa amejitenga na wananchi, na Bwana Severine, kama mwanzilishi, azunguke mkoa mzima akiwa mfano.

Wiki iliyofuata alipangiwa Itilima. Kabla hawajafika Lagangabilili, Marcelo alipunguza mwendo. Mbele, mahali ambapo barabara ilikuwa imefanya mgongo, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa pande zote mbili, watu wameketi, mwamvuli umesimikwa tayari usawa wa dirisha lake. Hapakuwa na njia ya pembeni. Gari likapanda, likakaa.

Severine akashusha kioo. "Maksai wako wapi?" aliuliza.

Mama mmoja, Monika, akasogeza kiti chake karibu.

"Wako likizo, mheshimiwa. Watarudi kazini tukimaliza suala la zahanati."