Kanzu ya Walburga Iliyotiwa Wanga

Munich, Jumatatu, 10 Mei 1909
Walburga ametupa koseti, lile vazi la kubana kiuno! Koseti niliyomshonea mwenyewe tulipochumbiana, yenye mifupa bora ya nyangumi. Anasema kwa Bi Thekla, mwalimu wake wa dansi, wanacheza pekupeku, wamevaa kama Wagiriki wa kale. Jumapili Bi Thekla atachagua mwanafunzi mmoja wa kwenda naye kucheza Berlin. Walburga amenipa sharti: nimshonee kanzu ya kuchezea, au nimsahau. Mimi fundi koseti, baba yangu fundi koseti. Nguo isiyo na mifupa inasimamaje? Sielewi.

Jumanne, 11 Mei
Nimeshinda kwenye jumba la sanamu, mbele ya mama mmoja wa Kigiriki. Mikunjo ya kanzu yake haikutikisika hata kidogo. Mlinzi akapiga chafya karibu yake, wapi! Nikang'amua: Wagiriki walitia nguo zao wanga zikakakamaa. Ajabu hakuna aliyegundua kabla yangu.

Alhamisi, 13 Mei
Xaver, muuza mapazia wa ng'ambo ya barabara, anamtazama sana Walburga. Leo kaja na figili na bia, akauliza naficha nini. Nikasema mambo ya elimu. Akachungulia sufuria yangu ya wanga. "Bwana Korbinian, uji wote huu unampikia nani?" Nimemfukuza. Bia nimeibakiza.

Jumamosi, 15 Mei
Kanzu imekauka. Inasimama yenyewe sakafuni. Asubuhi niliiamkia nikidhani ni mteja. Walburga akauliza ataketi vipi. Nikamjibu mbona sanamu haikuketi. Akaichukua hivyo hivyo. Kiunoni nimetia mifupa miwili tu, kwa usalama. Hiyo sikumwambia.

Jumapili, 16 Mei
Sijui nianzie wapi. Kinanda kikaanza, Walburga akageuka. Kanzu haikugeuka. Yeye anatazama ukuta, kifua cha kanzu kinatutazama sisi. Akaruka, kitu kikalia kaa! na mfupa ukachomoka ubavuni. Watu wakaangua kicheko. Akatoka jukwaani analia, nami nikatamani ardhi inimeze. Xaver (nani alimwalika?) akang'oa pazia la dirisha, akamfunga mabegani kwa pini mbili. Walburga akarudi, akacheza. Kile kitambaa kikamfuata kila alikokwenda. Hata mimi nilisahau kupepesa macho. Bi Thekla amemchagua.

Jumatatu, 17 Mei
Walburga amenirudishia pete. Aliongea kwa upole, na hapo ndipo paliponiuma. Alisema, "Korbi wangu, wewe kila kitu lazima ukibane." Anaondoka Ijumaa, Xaver anambebea sanduku. Nimelia dukani, mlango nimeufunga.

Kisha nikafikiri. Kanzu haikuwa na kosa. Sakafu ilikuwa ya baridi! Mtu wa miguu baridi atageukaje? Nitampelekea Berlin viatu vinavyofanana kabisa na miguu mitupu, vidole na kucha zake. Atarudi tu. Ngozi nimeshaikata. Vidole vinalegea kidogo. Nitatia mifupa.